Makombo ya Bwalo na Kibuyu cha Mama Gidahosh

“Jirani anayekataa chakula cha bure hana njaa, ana kiburi.”

Maneno hayo si yangu. Ameniandikia Ndugu Nicodemo Margwe, mwenyekiti wa wanafunzi katika kampasi moja ya kilimo huko Hanang, pembeni ya mashamba ya ngano ya serikali, akinitaka niyachapishe katika ukurasa huu wa ushauri ili “umma uelimike”. Nimeyachapisha. Umma na uelimike.

Sasa nimjibu. Ndugu Nicodemo, mwenye njaa amekosa chakula. Pua anayo, macho anayo, na jina lake analo. Unachokiita chakula ni kitu ambacho ninyi wenyewe mlikisukuma pembeni ya sahani. Kilipokuwa mezani penu kiliitwa makombo. Kilipovuka geti kikaitwa msaada. Geti lenu lina uganga gani? Unasema aliyekataa ana kiburi. Mimi nasema aliyempelekea mwenzake mkate alioung'ata, kisha akangoja kushukuriwa, huyo ndiye mwenye ugonjwa unaoutaja. Na jina lako la ukoo, la Kiiraqw, linaniambia umezaliwa kwenye nyumba yenye ng'ombe, kwa hiyo hata kisingizio cha ugeni huna.

Katika mfuko uleule wa posta nimekuta barua nyingine kutoka kampasi hiyohiyo, ya msichana ambaye Ndugu Nicodemo anadhani anamtetea. Isomeni kwanza, kisha tutazungumza.

*

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia, maana hapa nilipo nimeshakasirikiwa na pande zote mbili na sijui tena nani ana haki. Naitwa Konsolata, mzaliwa wa Endagikot, Mbulu, nasoma kilimo mwaka wa pili, na jina langu liandike tu gazetini, kwa sababu hapa kampasi hakuna asiyenijua, wananiita Mama Makombo.

Mshauri, chakula kinatupwa hapa mpaka unaona aibu, jiko linapika kwa ajili yetu sote hata siku za kuvuna ambapo wengi wetu tuko shambani na kombaini na tunakula hukohuko, na aliyebaki anapakua mlima, wana utani wao, mtu akijaza sahani wanasema huyo anapanda Hanang, akiacha nusu na zaidi wanasema ameishia Jorodom, pale chini mlima unapoanzia, basi kila mchana watu wanaishia Jorodom na kucheka, na kinachobaki kinamwagwa kwenye shimo nyuma ya jiko, ugali, maharage, mikate iliyong'atwa upande mmoja, nzi wamejaa mpaka kwenye madaftari, na fisi wanasogea hadi kwenye mabweni, Tekla ninayekaa naye chumba kimoja hawezi kwenda chooni bila kuniamsha nimsindikize.

Mimi nimekulia katika nyumba isiyotupa kitu. Mama yangu akiamka anazoa samadi upande wanakolala ng'ombe, anachanganya na majivu na maganda, anajitwika kikapu na kupeleka shambani kabla hajanywa chai, na mtoto akibakiza chakula haulizwi kama ameshiba, anaulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo nilipochaguliwa kuongoza kamati ya usafi nilisema lile shimo nitalifunga, na sikusema kwa kujisifu, nilimaanisha.

Jirani yetu wa karibu ni Mama Gidahosh, boma lake liko ng'ambo ya ngano, ni wafugaji wa Kidatoga, zamani alikuwa anakata moja kwa moja kuja huku lakini siku hizi inabidi azunguke shamba lote, maana palipokuwa malisho yao pamelimwa, na anakuja hivyohivyo, anatuletea maziwa ya chai. Mwaka wa kwanza nilipougua malaria na kila kitu kikawa hakikai tumboni, alimsikia Tekla akinizungumzia getini, na safari yake iliyofuata alikuja na kibuyu kimejaa, akasema hiki siuzi, hiki ni cha yule binti wa Kiiraqw anayeumwa. Nikanywa, nikapona. Kibuyu nilikaa nacho, Mshauri, kwa sababu kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na mimi mwanafunzi sikuwa na cha kutia ndani yake, nikawa nakiosha kwa sabuni maana kukitia moshi kunataka moto, na moto hauruhusiwi bwenini, nakining'iniza juu ya kitanda changu, nasema siku yake itafika.

Nikadhani imefika. Kwenye mkutano wa kamati nilitoa wazo kwamba makombo yakusanywe kwenye debe safi, tuwapelekee majirani, na shimo litakauka lenyewe. Walipiga makofi, Nicodemo mwenyekiti wetu akasimama akasema, “Huo ndio usomi, Konsolata! Sisi tunasafisha, wao wanashiba!” Debe la kwanza nikalijaza mimi mwenyewe, nikalifunika kwa kitambaa, nikalibeba kichwani na kibuyu nimekishika mkononi, nikazunguka shamba nikijiambia, leo hakirudi kitupu. Nilikuwa na furaha, sikufichi.

Alinipokea vizuri. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, “Umepona kabisa, hata mashavu yamerudi,” tukawa tunaongea Kiiraqw, maana anakijua kuliko Kiswahili, Kiswahili chake ni cha kuuzia maziwa tu. Akafunua kitambaa. Akatazama. Akatoa kipande cha mkate, akakigeuza upande ule ulioliwa.

“Hiki ni cha mbwa?”

“Hapana, mama. Ni chakula, ni chenu. Kule kinabaki kingi, tukaona kisiharibike.”

“Nani aling'ata hapa?”

“Sijui, mama. Mwanafunzi tu.”

“Alikuwa anaumwa?”

“Hapana. Alishiba.”

Akakirudisha kile kipande ndani ya debe taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Hakupaza sauti, Mshauri, afadhali angepaza. Akasema, “Wewe ulipougua, yule ng'ombe alikuwa na ndama mchanga. Nilimkamua, ndama akangoja, analia. Nilikuletea alichokosa ndama. Wewe umeniletea kilichowashinda.”

Nikamnyooshea kibuyu. Akakipokea, akakinusa ndani, akakunja uso, kisha akanirudishia mikononi mwangu. “Nenda nacho,” akasema, akainama akaingia ndani. Debe nikalibeba tena, nikazunguka shamba kurudi nalo.

Tangu hapo hajaja tena, na maziwa hakuna. Asubuhi bwaloni mtu ananyanyua kikombe na kupiga kelele, “Chai ya leo nyeusi tii, mshukuruni Mama Makombo!” na wote wanagonga meza. Nicodemo anasema jirani yule ana kiburi, kamati haina faida, tutapiga kura kamati ivunjwe na kila kitu kirudi shimoni kama zamani. Tekla peke yake hakucheka, lakini neno lake ndilo linaloniuma kuliko yote, aliniuliza, “Konso, lile debe ungeweza kumpelekea mama yako Endagikot?” Nikageukia ukutani.

Mshauri, nia yangu ilikuwa njema, na chakula kweli kinatupwa, sasa kosa langu hasa ni lipi? Nijiuzulu kabla hawajaniondoa? Na huyu mama, ndiyo amenikata moja kwa moja? Alinitendea kama mwanaye nikiwa sina mtu hapa, na sijawahi katika maisha yangu kukosana na mtu mzima wa namna ile. Kila nikilala kibuyu kinaning'inia juu yangu. Nisaidie.

Konsolata

*

Konsolata mwanangu,

Marahaba. Nimekusoma hadi mwisho na nimekukasirikia vilevile, lakini hasira yangu kwako ni ya aliyesikitika. Ile nyingine nimeshampa mwenyewe pale juu.

Unauliza kosa lako ni lipi kwa kuwa nia ilikuwa njema. Nia yako siitilii shaka. Ila nia ilibaki kifuani mwako, na kilichofika mlangoni kwa mama yule ni debe. Alipokea alichopelekewa. Kama unataka nia yako ionekane, inabidi uitie katika kitu kinachofanana nayo.

Tekla amekupa mtihani mzima katika swali moja, na wewe ukageukia ukuta. Mshukuru Tekla. Ulijua kwamba lile debe huwezi kumpelekea mama yako. Ulijua kabla hujalifunika kwa kitambaa, ndiyo maana ulilifunika. Ukajiruhusu kumpelekea mama wa mwenzio, ambaye kwa ukarimu wake alikuwa amekuwa wako pia. Hapo ndipo kosa lilipo. Usilitafute mbali.

Sasa tuzungumze habari ya taka, maana hiyo ndiyo ulichaguliwa kuisimamia. Siku ulipobeba debe, jiko lilipika pungufu? Halikupika pungufu. Waliopanda mlima walipakua kidogo? Wapi! Hukupunguza upotevu hata punje. Uliutafutia makazi mapya, ng'ambo ya ngano, kwa mtu asiyekuwa na kiti katika kamati yenu. Na nikueleze kitu kibaya zaidi: kama mama yule angepokea, mngeharibika. Aliyezoea kubakiza akishajua kuna mtu anayengoja mabaki yake hulala usingizi mzuri, na kesho yake hupakua zaidi, tena kwa jina la huruma. Mama Gidahosh amewakatalia jambo ambalo lingewapofusha. Wataalamu wa kilimo mmejaa kampasi nzima, na aliyeukatalia upotevu njia ni yeye.

Wasomaji wengine watasema nakuza jambo dogo. Haya, wakumbuke miaka ile tulipoletewa nafaka ya msaada tusiyoizoea, tulivyoshukuru kwa mdomo na kununa tumboni, tukiulizana majikoni, hivi wenyewe hula hiki? Taifa zima tuliijua ladha ya kupewa kilichomshinda mwingine. Tukaandika makala, tukatoa hotuba, mimi nikiwemo. Leo vijana wetu wanalifanya lilelile kwa jirani wa ng'ambo ya ngano na kuliita usomi.

Na kuna jambo umeliandika kwa mkono wako bila kulisikia. Umesema mama yule zamani alikata moja kwa moja, sasa anazunguka shamba. Ngano imeota katika njia yake, Konsolata. Ngano hiyo ikawa mkate, mkate ukang'atwa na mtu aliyeshiba, kisha ukamfikia mlangoni kwake kama zawadi. Sikuambii haya ili ulie. Kulia hakutamsaidia. Nakuambia ili siku nyingine ukitaka kumfanyia mtu wema, kwanza utazame amepita wapi kuja kwako.

Haya. Nimemaliza kukugombeza, sasa sogea karibu.

Unauliza kama amekukata. Hajakukata. Nashangaa binti aliyekulia Endagikot hajaisoma ishara hii. Anayevunja ujirani hudai vyombo vyake. Hata sufuria iliyopasuka huifuata. Yeye chombo chake kilikuwa mkononi mwake tayari, na kibuyu cha maziwa kilichoshonwa kila kilipopasuka na kutunzwa si kitu mfugaji anachokisahau. Alikinusa, akasikia sabuni yenu ya bwenini mahali palipotakiwa kunukia moshi, akakunja uso kwa haki kabisa, na bado akakirudisha kwako. Usemi wake ulikuwa “nenda nacho”. Hakusema “usirudi”. Mwanangu, mtu akikuachia chombo chake anakutegemea mlangoni kwake. Bado unacho cha kurudisha, na ulisema mwenyewe kwamba kwenu hakirudi kitupu. Sasa kirudishe kama kwenu wanavyorudisha.

Omba ruhusa uende nyumbani. Mweleze mama yako kila kitu, usimfiche mkate ulioliwa upande mmoja, usimfiche na furaha uliyokuwa nayo njiani. Atakusema. Mwache akuseme mpaka achoke. Akishachoka, mpe kibuyu akitie moshi upya akufundishe ulivyopaswa kukitunza. Kisha mwombe maziwa ya ng'ombe wake, na awe ng'ombe mwenye ndama. Shika ndama wewe mwenyewe wakati mama anakamua. Mshike usikie anavyokuvuta, umsikie anavyolia, ujue kile ulichokunywa ulipougua kilikuwa kimetolewa wapi. Maziwa yagandishwe, maana ya mgando huvumilia basi la kutoka Mbulu.

Usiende bomani peke yako. Kosa la mtoto kwa mtu mzima huombewa radhi na mtu mzima, kwenu na kwa Wadatoga pia, kwa hiyo mama yako atangulie, wewe fuata nyuma na kibuyu. Mwache yeye aseme kwanza. Zamu yako ikifika, usimweleze nia yako, usimweleze kamati, nzi wala fisi. Sema umekosa. Kisha nyamaza, unyamaze kwelikweli, hata kimya kikirefuka. Na maziwa ya chai ya kampasi msiyataje kabisa. Hukwenda kufungua biashara. Akija tena getini, amekuja kwa hiari yake. Asipokuja, wasomi wanywe chai nyeusi, haijaua mtu.

Kuhusu kamati, usijiuzulu. Ukijiuzulu utakuwa umewaachia shimo. Siku ya mkutano simama, useme debe lilikuwa kosa na wewe ndiye uliyelibuni, umalize sentensi, uvute pumzi, halafu uendelee na kazi. Waambie jiko lijulishwe asubuhi wangapi wanakwenda kwenye kombaini, ili unga wao ubaki ghalani. Waambie kila mtu apakue kidogo, na anayetaka kuongeza arudi, maana sufuria haikimbii. Mkate ukatwe nusu kabla haujagusa meza, na nusu isiyoguswa ni mkate bado, uliwe jioni. Maganda, majivu, na yale machache ya kwenye sahani msiyamwage ovyo: baada ya mavuno mashamba yanachoma mabua ya ngano yakijaza moshi uwanda mzima, ombeni mabua hayo, mpange tabaka juu ya tabaka shimoni mpate mboji, mpande mchicha na sukuma wiki nyuma ya jiko hilohilo. Mbwa wakipewa kidogo hawatalalamika. Mbwa hahitaji hotuba. Fisi akikosa chakula atarudi kwake, na Tekla atakwenda chooni peke yake. Hakuna lolote hapo ulilohitaji kuja chuo kikuu kulijua. Ulikuwa unaliona kila asubuhi kichwani kwa mama yako, ndani ya kikapu. Ukadhani elimu ni kitu kingine.

Basi nenda. Na ukisharudi kutoka bomani hutahitaji kuniandikia. Utajua yamekwisha kwa namna wenzako watakavyoacha kukuita lile jina.

Sasa ninyi wanafunzi wa kampasi ile, na wewe Ndugu Nicodemo ukiwa mbele ya foleni. Kabla hamjapiga kura ya kulirudishia shimo makombo yenu, kusanyeni mabaki ya mchana wa siku hiyo, myatie katika debe lilelile, mlifunike kwa kitambaa kilekile, mliweke katikati ya meza ya viongozi. Mfunue. Mle. Mle ninyi wenye vyeo, kwa mikono yenu, wenzenu wakitazama. Kama kinalika, mmepata chakula cha jioni na jiko lipumzike. Kama hakiliki, Nicodemo, niandikie barua ya pili, fupi, ufute neno “msaada” na neno “kiburi”, nami nitaichapisha pale juu ilipokaa ile ya kwanza.

Na siku mtakapomwona Konsolata anapita getini nyuma ya mama yake kwenda bomani, na kibuyu kimejaa, mtu asitaje Jorodom. Simameni, mwamkieni yule mama shikamoo, mlifungue geti lote.